Wimbo Mmoja, Lugha Nyingi: Uhakiki wa Mjadala wa Tangazo la Coca-Cola la Mwaka 2014 na Dhana ya Uzalendo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mjadala uliozuka nchini Marekani mwaka 2014 baada ya wimbo wa kizalendo kuimbwa kwa lugha kadhaa katika tangazo la soda. Hoja kuu ni kwamba watetezi na wapinzani wa tangazo hilo waliichukulia lugha kama bendera, yaani kitu cha kupeperushwa au kushushwa. Kwa kufanya hivyo waliliacha swali lenye uzito zaidi kisera: mzungumzaji wa lugha hiyo anahudumiwaje mahakamani, hospitalini na katika kituo cha kupigia kura?

1.0 Utangulizi

Tarehe 2 Februari 2014, wakati wa mchezo wa Super Bowl kati ya Seattle Seahawks na Denver Broncos, kampuni ya Coca-Cola ilirusha tangazo la sekunde 60. Sauti za wasichana ziliimba "America the Beautiful" kwa kupokezana lugha: Kiingereza, Kihispania, Kitagalogi, Kihindi, Kiebrania, Keres na nyinginezo. Malalamiko yalianza usiku huo huo. Allen West, aliyewahi kuwa mbunge, aliona katika tangazo hilo dalili ya taifa kupotea njia, naye mtangazaji wa redio Glenn Beck alidai kuwa lilikusudiwa kuwagawa watu. Watetezi walijibu kwamba hiyo ndiyo sura halisi ya Marekani. Kampuni haikurudi nyuma. Toleo la sekunde 90 lilioneshwa katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Sochi, na mwaka 2017 tangazo lilirushwa tena kabla ya mchezo wa Super Bowl, siku chache baada ya amri ya Rais Donald Trump ya kuzuia raia wa nchi kadhaa kuingia Marekani.

2.0 Tangazo kama matini

Kelly-Holmes (2005) anaeleza kuwa lugha za kigeni katika matangazo aghalabu hutumika kwa thamani yake ya kiishara kuliko kwa ujumbe zinaoubeba. Mtazamaji hatarajiwi kuelewa kinachosemwa. Anatarajiwa kuhisi kitu kwa kusikia tu kwamba lugha hiyo ipo. Tangazo hili linaafiki maelezo hayo. Kila lugha inapewa kipande kifupi, kisha inaipisha nyingine. Kilichouzwa si maana ya maneno bali ladha ya wingi wa lugha, na hilo lilifanyika wakati unywaji wa soda nchini Marekani ulikuwa umeshuka kwa miaka kadhaa mfululizo.

Hata hivyo, kuna jambo la ndani zaidi. Wimbo ulioimbwa ni ule ule. Shairi lilitungwa kwa Kiingereza na Katharine Lee Bates, aliyekuwa mwalimu wa chuo, baada ya kupanda mlima wa Pikes Peak mwaka 1893, na muziki wake ni wa Samuel A. Ward. Hakuna lugha iliyoalikwa kuleta wimbo wake, kumbukumbu yake au lalamiko lake. Zote ziliruhusiwa kusema tu kile ambacho Kiingereza kilikuwa kimekwisha kukisema. Ukilisoma kwa makini, tangazo hili si la kimapinduzi hata kidogo. Ni kiapo cha utii kilichotafsiriwa, na wapinzani waliolishambulia kama adui wa taifa walimshambulia mshirika wao.

3.0 Udhaifu wa hoja za wapinzani

Baadhi ya wapinzani walidhani wimbo huo ni wimbo wa taifa. Sivyo. Wimbo wa taifa wa Marekani, uliopitishwa kisheria mwaka 1931, ni "The Star-Spangled Banner". Hata huo haujawahi kuwa mali ya Kiingereza pekee, kwani mwaka 1919 Ofisi ya Elimu ya serikali ya Marekani yenyewe iliagiza tafsiri yake ya Kihispania. Lakini toleo jingine la Kihispania lilipotolewa mwaka 2006, Rais George W. Bush alisema kuwa wimbo huo uimbwe kwa Kiingereza. Katika miaka hiyo 87 wimbo haukubadilika. Kilichobadilika ni hofu ya wasikilizaji wake.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba wageni wajifunze lugha ya nchi. Hoja hii inaporomoka mbele ya Keres, lugha ya baadhi ya jamii za Pueblo za New Mexico, iliyokuwapo katika ardhi hiyo kabla ya Kiingereza kufika. Kihispania nacho kilizungumzwa huko muda mrefu kabla ya Mexico kuliachia eneo hilo mwaka 1848. Nani basi ni mgeni wa nani?

Hadhira ya Afrika Mashariki haihitaji kwenda mbali kuona kuwa tafsiri haiui uzalendo. Wimbo wa taifa wa Tanzania umetokana na utunzi wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897, ulioanza kwa Kixhosa. Utunzi huo huo ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini, unaoimbwa kwa lugha tano. Anderson (1983) anaona kwamba kuimba pamoja huwafanya watu wasiojuana wajihisi taifa moja. Mifano hii inaongeza kuwa umoja huo unatokana na kuimba pamoja, si lazima utokane na lugha moja.

4.0 Udhaifu wa hoja za watetezi

Watetezi nao hawakosi lawama. Walilipokea tangazo kana kwamba ni ushindi wa haki za lugha, ilhali haki hizo zilikuwa zimejengwa mahali pengine, na baadhi yake juu ya mchanga. Marekebisho ya mwaka 1975 ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura yanayataka maeneo fulani kutoa karatasi za kura kwa lugha za walio wachache. Hiyo ni sheria ya Bunge. Kwa upande mwingine, Amri ya Rais namba 13166 ya mwaka 2000, iliyozitaka idara za serikali kuwawezesha wasiomudu Kiingereza kupata huduma, ilitegemea sahihi ya rais mmoja. Tarehe 1 Machi 2025 sahihi ya rais mwingine iliifuta na kukitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya taifa. Amri hiyo mpya haikuzilazimisha idara kusitisha huduma zilizokuwapo. Iliwaachia wakuu wake waamue. Hivyo mgonjwa anayehitaji mkalimani sasa anategemea zaidi hiari ya mkuu wa idara. Makofi ya mwaka 2014 hayakumwekea kinga yoyote.

5.0 Hitimisho

Funzo kwa nchi jirani ni la moja kwa moja. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kwa matumizi yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kiswahili kitaendelea kupendeza katika mabango ya simu, benki na vinywaji, kwa kuwa soko linakihitaji. Mshauri wa sera asiyahesabu mabango hayo kuwa maendeleo ya lugha. Kipimo chake kiwe fomu ya hospitali, hati ya mashtaka na ajira ya mkalimani, pamoja na swali la nani anaweza kuyafuta hayo, na kwa utaratibu gani. Kampuni hutafsiri ili iuze, na soko likigeuka itanyamaza. Haki ya mwananchi kueleweka katika ofisi ya umma haifai kuwekwa mahali inapoweza kunyamazishwa kwa wepisi huo huo.