Haki ya Maji: Reli ya Kati katika Bonde la Mkondoa

Msafiri atokaye Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, siku ya mvua, akiisha kuruka mitaro iliyofurika na kufika stesheni nguo zimemganda mwilini, aghalabu hudhani kwamba taabu imekwisha mara aketipo behewani. Walakini iliyo kubwa humngoja mbele, baina ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo Reli ya Kati na Mto Mkondoa hukaa kama majirani wawili wenye kadhia ya mpaka tangu enzi za babu zao.

Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Walipoikabili milima waliandama bonde la mto, na tadbiri yao ilikuwa njema. Maana gurudumu la chuma juu ya chuma haliwezi mwinuko mkali, na mto ulikwisha kuchonga njia iliyo nyepesi kuliko zote. Lakini njia ya kuazima ina mwenyewe, naye huirudia kila mvua zinyeshapo Mpwapwa na Dodoma.

Tutazame kwa karibu jinsi tuta linavyokufa. Mchanga utokao nyanda za juu, ambako miti imekatwa na ardhi imeachwa uchi, hukijaza kina cha mto hata chini ya madaraja. Maji yakikosa nafasi hujikusanya ubavuni mwa tuta na kuanza kupenya. Kwanza huondoka udongo laini, kisha kokoto, ndipo mataruma yakaning'inia hewani. Ilhali reli, kwa kuwa zimeungana, hubaki zimenyooka, na dereva aliye mbali huona njia ni salama. Kwa sababu hiyo hapana budi genge likague njia kwa miguu, kiberenge kitangulie, na treni ipunguze mwendo. Huko Bara Hindi, reli ya Konkan iliyokamilika mwaka 1998 hubadili ratiba yake nzima majira ya mvua ili treni ziende polepole, nayo ni hadhari ya kuigwa.

Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalilikata tuta la Kilosa hata safari zikasimama kwa miezi. Tuta hujengwa upya, kingo zikakingwa kwa mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya. Lakini ukijengwa badala yake ukuta usio na tundu la kupitisha maji, huyazidishia nguvu tu. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imepenya milima ya Kilosa kwa mahandaki manne. Hata hivyo nayo ina matuta na makalavati, na hukumu yake ni ile ile: maji yakizibiwa njia, hubomoa.

Hukumu hiyo twaijua sisi wa Mbagala, ambao mtaro ukizibwa kwa takataka mwezi wa Februari, maji ya Machi huingia chumbani na kuinua godoro. Fundi wa reli aanze kazi yake kiangazi, kalavati likiwa kavu na koleo likiingia kwa wepesi. Na aanze mbali zaidi, kwa kupanda miti huko Mpwapwa, mchanga ungali shambani.