Sikio la Bibi Kizee: Uhakiki wa Temple of Apshai (1979) kwa Mizani ya Ngano ya Kisukuma

Sehemu hii inahakiki mchezo wa kompyuta uitwao Temple of Apshai, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1979 na kampuni ya Automated Simulations, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Epyx. Ni miongoni mwa michezo ya mwanzo iliyotungwa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani, ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa na kuingia magofuni kupambana na mazimwi na kutafuta mali. Swali la iwapo mchezo wa namna hii ni fasihi au si fasihi limezungushwa mno, na aghalabu hujibiwa kabla mchezo wenyewe haujatazamwa. Tunauliza jambo finyu zaidi: shujaa wa mchezo huu anadaiwa nini, na nani anamdai? Ili kulijibu tumeuweka mchezo kando ya ngano ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, ambayo Wasukuma wa Mwanza na maeneo ya jirani wameirithishana kizazi kwa kizazi.

Ulinganishi huu hauhusu athari. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lilikuja kulegezwa miaka ya tisini. Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule zilitumia televisheni kuwa skrini, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kijana wa Mirongo wa mwaka 1980 hakuwa na njia ya kuukuta mchezo huu, na watunzi wake hawakuwa na sababu ya kuijua ngano ya Kisukuma. Kazi mbili zisizojuana zimechukua tukio lilelile, la mtu mmoja mbele ya zimwi, na kulipa hesabu mbili tofauti. Tofauti ya hesabu hizo ndiyo inayotushughulisha.

Tuanze na umbo. Temple of Apshai iliandikwa kwa lugha ya BASIC, na toleo la TRS-80 liliendeshwa kwenye mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, programu yake ikipakiwa kutoka kwenye kaseti. Nafasi hiyo ilitosha mistari ya kuta, alama ndogo ya shujaa, alama ya zimwi na safu ya tarakimu pembeni. Haikutosha maneno. Watunzi waliyatoa maneno nje ya mashine: kila chumba kati ya vyumba vyake zaidi ya mia mbili kilipewa namba, na maelezo yake yakachapwa katika kijitabu. Mchezaji aliingia chumbani, akasoma namba kwenye skrini, kisha akafungua kijitabu kujua harufu ya mahali, unyevu wa sakafu na sauti itokayo gizani. Hata hazina zilitambulishwa kwa namba. Mashine ilisema umeokota kitu fulani cha namba fulani. Kijitabu ndicho kilichosema umeokota nini.

Ni rahisi kuuita mpangilio huu udhaifu wa kiufundi, nao ulitokana na uhaba kweli. Hata hivyo, matokeo yake ya kisanaa ni makubwa kuliko sababu yake. Kazi ya kusimulia imetengwa na kazi ya kuhukumu. Kijitabu kinasimulia bila kujua nini kimempata shujaa, na mashine inahukumu bila kujua mahali palivyo. Anayeviunganisha ni mchezaji peke yake, kwa kusoma, na pengine ndiyo maana vyumba vya mchezo huu hukaa akilini kuliko vya michezo kadhaa ya baadaye iliyojaa picha. Ipo tamaa ya kuulinganisha na Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kwa kuwa kote kuna msafiri aliyezongwa na njia. Tunaikataa tamaa hiyo. Mzingile wa Kezilahabi hauhesabiki, na msafiri anapozidi kwenda ndivyo anavyozidi kupoteza uhakika; huku kwetu kila chumba kina namba na kila hatua huongeza hesabu.

Hesabu huanza kabla ya safari. Shujaa hupewa sifa sita, zikiwamo akili, nguvu na wepesi, kila moja ikipimwa kati ya 3 na 18. Kisha hupelekwa kwa mwenye nyumba ya wageni, ambaye pia ni muuza silaha, na hapo hununua upanga, ngao na deraya kwa kupatana bei. Mchezaji hutaja bei yake, muuzaji hujibu kwa bei nyingine, na mvutano huendelea hadi mmoja alegee. Anayefahamu mitumba ya Mlango Mmoja hahitaji kufafanuliwa. Hiki ndicho kipengele hai kuliko vyote vya mchezo, kwa maoni yetu, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo shujaa hukutana na mtu mwenye maslahi yake halali. Chini magofuni amri ya kuzungumza na zimwi ili limpishe ipo, lakini hayo si mazungumzo, ni bahati nasibu.

Uchovu nao umesanifiwa vyema. Deraya nzito humchosha shujaa, jeraha humchosha zaidi, na anapopumzika zimwi linaweza kumfikia. Tatizo linajitokeza pale tunapouliza mapambano yote haya ni kwa ajili ya nani.

Katika ngano, Shing'weng'we amemeza watu wote na mifugo yao, akabakia mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto anayezaliwa ni Masala Kulangwa, ambaye jina lake lenyewe hutaja akili. Akikua anamuuliza mama yake watu wako wapi. Swali hilo ndilo linalomtuma, na anapolipasua tumbo la zimwi, watu hutoka wakiwa hai. Hapo ngano ingeweza kuishia katika shangwe. Haiishii. Kisu kilipokuwa kikipasua tumbo kilimkata bibi kizee sikio, na bibi huyo hakubali kuambiwa kwamba sikio moja ni bei ndogo ya uhai wa watu wote. Analalamika, na shujaa anawajibika kutafuta namna ya kumridhisha.

Temple of Apshai haina mtu tumboni mwa zimwi. Mazimwi yake, wadudu wakubwa na mifupa itembeayo, hawajammeza yeyote tunayemjua. Hakuna kijiji kinachongoja juu, wala tendo la mwisho linaloikamilisha safari: shujaa hushuka, huua, huokota, hurudi kuuza, hushuka tena. Kila zimwi linalouawa humwongezea uzoefu, na uzoefu huo haupungui kamwe kwa lawama ya mtu. Kisu chake hakimkati asiyehusika, kwa kuwa mtunzi hakumweka asiyehusika. Huu si uhaba wa kilobaiti. Bibi kizee mmoja angetoshea katika aya moja ya kijitabu.

Yawezekana mtetezi wa mchezo akatuelekeza kwenye kifo. Shujaa akianguka, huenda akaokotwa na mmoja wa waokoaji watatu, kasisi, mchawi au mbilikimo, nao hawalingani kwa ukarimu: yupo anayemvua shujaa mali yake kuwa malipo. Hoja ina uzito, kwani hapa kweli kuna deni. Lakini ni deni la mwokolewa kwa mwokoaji, na hulipwa papo hapo kwa vitu. Masala Kulangwa anadaiwa akiwa mwokoaji, na mwenye kumdai ni yule aliyemwokoa.

Lipo pia suala la shahidi. Katika toleo la kaseti, mchezaji alipomaliza aliandika sifa na mali za shujaa wake kwenye karatasi, na siku iliyofuata akaziingiza upya kwa mkono. Mashine iliamini chochote ilichoambiwa. Aliyetaka kuongeza nguvu kutoka 12 hadi 18 aliongeza, na hapakuwa na wa kumuuliza. Fanani anayeisimulia ngano hii mbele ya wanaoijua hana nafasi hiyo: akiliruka sikio, mmoja wa wasikilizaji atalitaja.