Jinsi ya Kukagua Dawa Inayofika Ubongoni

Krizotinibu ilipoidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2011, madaktari wa saratani ya mapafu walikuwa na kila sababu ya kufurahi. Dawa hiyo huzuia ALK, kimeng'enya ambacho jeni yake ikikatika na kuungana na nyingine huziamuru seli zigawanyike bila kukoma. Uvimbe ulinywea kifuani. Kisha, kwa wagonjwa wengi, saratani ikazuka kichwani. Mgonjwa mmoja aliyepimwa wakati huo alikutwa na nanogramu 237 za dawa katika kila mililita ya plazma ya damu, lakini maji ya uti wa mgongo yalikuwa na 0.616 tu. Ubongo uliambulia chembe tu.

Ndiyo maana mjuzi wa kukagua dawa za ubongoni, akionyeshwa molekuli mpya, haanzi kwa kuuliza ina nguvu kiasi gani. Nguvu ya maabara imekuwa rahisi kuipata. Huuliza kwanza ni kiasi gani cha dawa kiko huru ubongoni, kikilinganishwa na kile kilicho huru katika damu. Molekuli inayopenda mafuta hunata kwenye tishu za ubongo, ambazo zenyewe zimejaa mafuta. Ukisaga ubongo wa panya na kupima jumla, utadhani dawa imefaulu, kumbe imenasa pembeni na kimeng'enya hakijaguswa. Uwiano wa dawa huru ukikaribia 1, dawa inapita vizuri, ukiwa 0.05, kuna kinachoifukuza. Ripoti inayotaja jumla peke yake ni ya kutiliwa shaka.

Anayefukuza mara nyingi ni pampu ya protini iitwayo P-gp, iliyojipanga kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo kama bawabu mkali. Loperamidi, dawa ya kuharisha inayopatikana katika duka lolote la dawa, ni ya ukoo mmoja na mofini, lakini dozi yake ya kawaida hailevyi kwa sababu P-gp huirudisha kwenye damu. Pampu hii huvutiwa hasa na molekuli kubwa zenye sehemu nyingi za kutoa vifungo vya haidrojeni. Mjuzi huzihesabu sehemu hizo kwa macho, kabla hata ya kusoma maelezo.

Kwa kazi safi ya mkono, tazama lorlatinibu. Wakemia wa kampuni ya Pfizer waliichukua krizotinibu yenyewe, wakaukata mkia wake wa piperidini uliokuwa ukiiponza, kisha wakaziunganisha ncha mbili za molekuli hadi ikawa pete. Uzito ulishuka kutoka daltoni 450 hadi 406. Pete hiyo ilifanya kazi mbili kwa pamoja: iliikaza molekuli katika umbo ambalo ALK hulipenda, na ikaipunguzia P-gp pa kushika. Lakini kufika ubongoni ni nusu ya kazi, kwa kuwa ndani humo kuna TrkB, kimeng'enya kinachofanana na ALK na kinachohitajika katika kumbukumbu. Wabunifu waliona kwamba mahali ambapo ALK ina lusini, asidi amino ndogo, TrkB ina tairosini iliyonenepa. Wakaelekeza kikundi cha nitrili palepale. ALK huikaribisha; TrkB hukosa nafasi.

Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Katika jaribio la CROWN, lililowahusisha wagonjwa 296, asilimia 60 ya waliopewa lorlatinibu walikuwa bado hawajazidiwa na ugonjwa baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa krizotinibu. Hata hivyo haikosi dosari: hupandisha kolesteroli kwa wengi, na wengine huyumba kihisia, kimaneno na kikumbukumbu. Anayeisifu bila kutaja hayo ni mchuuzi.

Uteuzi wa aina hii, wa kuzuia kimeng'enya kimoja na kuacha kingine kinachofanana nacho, nao usiaminiwe bila kuuliza dozi. Selejilini, inayotumika kwa ugonjwa wa Parkinson, kwa miligramu 10 kwa siku huzuia kimeng'enya cha MAO-B na kuiacha MAO-A. Dozi ikipanda, tofauti hiyo hufutika, na MAO-A iliyo tumboni ikizimwa, kipande cha jibini iliyokomaa chaweza kupandisha shinikizo la damu kwa hatari.

Na kuna molekuli iliyofika, ikashika, ikashindwa. Verubesestati ya Merck ilipunguza protini ya amiloidi katika maji ya uti wa mgongo kwa zaidi ya nusu, lakini wagonjwa wa Alzheimer hawakupata nafuu. Majaribio makubwa yalisitishwa 2017 na 2018. Ufundi ulikuwa mzuri. Shabaha ndiyo iliyokuwa na walakini.

Afrika inao mfano wake, malale. Vimelea vinavyoletwa na mbung'o vikishaingia ubongoni, tiba ya zamani ilikuwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Eflonithini, inayozuia kimeng'enya cha ODC, ilikuwa nafuu kubwa. Uteuzi wake ni wa ajabu: huziba ODC ya binadamu pia, ila mwili wetu hutengeneza nyingine upesi, na kimelea cha aina ya gambiense huchelewa. Kimelea cha aina ya rhodesiense, kinachosumbua Tanzania na kusini mashariki mwa Uganda, hakichelewi, hivyo dawa hiyo haikifai. Tena huingia ubongoni kwa shida, ndiyo sababu mgonjwa alipewa dripu 56 kwa siku 14.

Asoziboroli, dawa ya malale ya shirika la DNDi na kampuni ya Sanofi, huzuia CPSF3, kimeng'enya ambacho binadamu pia anacho. Kwa mujibu wa uchunguzi wa 2018, kinachomnusuru ni tairosini moja inayoziba nafasi ambayo dawa ingekaa. Katika jaribio lililofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Guinea, zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wenye malale ya ubongoni walitibiwa kwa mafanikio. Kwa uchongaji, lorlatinibu inaongoza. Kwa kazi nzima, kuanzia kimeng'enya hadi mgonjwa aliye mbali na hospitali, asoziboroli inaipita: vidonge vitatu, mara moja.