Video za Muziki na Fikra za Vijana wa Kusini

Suala la utamaduni haliwezi kutenganishwa na suala la uzalishaji mali. Katika kambi ya FRELIMO huko Nachingwea, ngoma za makabila mbalimbali zilichezwa pamoja ili kuvunja ukabila. Ngoma ile ilikuwa silaha, haikuwa bidhaa. Leo, katika Nachingwea na Ruangwa, kijana aliyetoka kuokota korosho hutazama video ya muziki katika kibanda umiza au kwenye simu. Yatupasa tujiulize: anaonyeshwa nini, na anafichwa nini?

Kwanza, anafichwa kazi. Video nyingi za Bongo Fleva huonyesha gari la fahari, jumba la kifahari na wasichana waliopangwa kama mapambo. Jasho lililozaa mali hiyo halionekani: jumba halina fundi mwashi, shamba halimo kabisa. Mwaka 1944 Adorno na Horkheimer, wakiwa uhamishoni Marekani, walieleza kwamba burudani ya kibepari hutengenezwa kiwandani kama bidhaa nyingine. Naye Laura Mulvey alionyesha mwaka 1975 kwamba kamera ya sinema humfanya kila mtazamaji amwangalie mwanamke kwa jicho la mwanamume.

Pili, mtazamaji si gunia tupu. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Uingereza, alifafanua mwaka 1973 kwamba ujumbe waweza kupokelewa kama ulivyo, kupokelewa nusu, au kupingwa. Tuchukue mfano wa Harmonize, mzaliwa wa Mtwara, aliyetamba na "Kwangwaru" mwaka 2018 pamoja na Diamond Platnumz, na ambaye baadaye alilifanya jina la Konde kuwa nembo yake ya biashara. Kwa miaka mingi mtu wa kusini alitaniwa mjini kuwa yuko nyuma. Kijana wa Ruangwa anapoona jina hilo limepanda jukwaani, anapokea heshima. Kada anayeiita hali hiyo uhuni mtupu hajafanya uchambuzi. Lakini heshima hiyo ina mgongano ndani yake: utajiri wa mmoja haujapandisha bei ya korosho ya wengi.

Tatu, marufuku peke yake haielimishi. Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond. Mwezi uliofuata waliuimba jukwaani. Marufuku hugusa ujumbe unapotoka, haigusi akili inayoupokea.

Jukumu la kada, basi, ni kufundisha kutazama. Darasani, video ionyeshwe mara mbili, mara ya pili bila sauti. Kisha wanafunzi waulizwe: Nani aliilipia? Nani anafaidika tunapoitazama? Nani aliyefanya kazi hakuonyeshwa? Kijana anayeweza kuyajibu maswali hayo ataendelea kucheza muziki, lakini hatauziwa ndoto kwa bei ya jasho lake mwenyewe.