Sauti tatu zinatosha: Muziki wa « Dragon Quest »

Pengine wasomaji wetu watashangaa: muziki wa mchezo wa televizioni unatafuta nini katika seminari? Tunajibu: muziki wahukumiwa kwa kuusikiliza, si kwa kuuliza umetoka nyumba gani.

« Dragon Quest » ulitolewa Japani na kampuni ya Enix mwezi wa tano 1986, kwa mashini ya Nintendo iitwayo Famicom. Mchezaji anashika nafasi ya shujaa mmoja, anayetembea peke yake kutoka mji hadi mji, mpaka apigane na mfalme wa majoka. Mtunzi wa muziki ni Koichi Sugiyama (1931-2021). Mashini ile ilikuwa maskini: ilikuwa na sauti tatu tu zinazofaa kushika wimbo, zaidi ya hizo kelele kama za ngoma.

Ametumia nini umaskini huo? Katika nyumba ya mfalme, sauti zinafuatana kwa adabu kama katika kazi za Bach: kila moja ina njia yake, wala haimezi mwenzake. Porini, wimbo ni mpole na wa upweke, kama mtu anayesafiri bila ndugu. Lakini kazi bora, kwa maoni yetu, ni ile ya pangoni. Shujaa akishuka chini, wimbo ni ule ule, ila unapigwa kwa sauti nzito zaidi na polepole zaidi. Akishuka tena, nao unashuka tena. Mtunzi hakuongeza chombo hata kimoja. Amebadili kimo na mwendo tu, na hofu inaingia moyoni.

Kasoro ipo. Nyimbo ni chache na fupi, zinarudia bila mwisho. Mwenye kucheza saa nyingi anachoka. Baadaye Sugiyama mwenyewe alizipanga kwa orkestra kubwa, na ule wa kwanza ulipigwa Tokyo mwaka 2021, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa. Lakini orkestra haikuufanya kuwa mzuri. Ulikuwa mzuri tangu umaskini wake.

Watu wa Walikale wasidhani jambo hili ni la wageni. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alisikiliza kwa Wanyanga hadithi ya Mwindo, ikisimuliwa na Candi Rureke. Kitabu alichokitengeneza pamoja na Kahombo Mateene kilitoka 1969. Mwindo naye ni shujaa anayeshuka chini ya nchi, akimfuata baba yake Shemwindo. Msimulizi alikuwa na nini? Koo lake, kibuyu cha kutikisa, na vijana wachache wa kupiga vijiti na kuitikia. Kwa hayo alibeba hadithi ya siku nyingi.

Haya tunayasema kwa ajili ya korali zetu za Masisi na Walikale. Mara nyingi kinanda cha umeme kinanunuliwa kwa michango ya maskini. Kinapiga ngoma yake chenyewe, na waimbaji wanapaza sauti ili kukishinda. Siku mafuta ya jenereta yanapokwisha, Misa inakaa kimya. Tena, vyombo vya namna hii vinaunganishwa kwa bati, na vingi vina tantali: ndiyo madini ambayo vijana wetu wamechimba Bisie na Rubaya. Tunatoa mali ya mlima, kisha tunadhani kwamba sauti pia yatoka dukani!

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Nao Wakristo waliokimbia vita hawakubeba kinanda kichwani, walibeba wimbo.

Basi ninyi, waseminari na wakatekista mnaotunga nyimbo: sauti ya kwanza iwe na njia yake, ya pili isiimeze, ya tatu ishike msingi. Zikiisha kusimama hizo, chombo kikija, kikaribishwe; kisipokuja, Mungu atasifiwa vilevile.