Kalamu Itishayo

Katika sanaa zote za maneno, sijui iliyodhulumiwa kwetu kuliko ile ya kumtisha msikilizaji kwa hadithi za uchawi na laana za ukoo, hasa itokapo kinywani au kalamuni mwa mwanamke. Kwani wazee huiita porojo za jikoni, watu wa dini huikimbia, na wasomi, ambao ulikuwa wajibu wao kuipa haki yake, aghalabu huipita bila salamu. Nami niliyelelewa Saboti, katika miteremko ya mlima Elgon, ambako Wabukusu na Wasabaoti wamepakana mashamba na kuazimana hata hofu, naihesabu kuwa sanaa adhimu.

Kukhu, bibi yetu mzaa baba, alipotusimulia habari za linani, zimwi lile lilao watoto, hakupata hata siku moja kutuambia lina meno mangapi. Alisukuma kuni, akakoroga maharagwe, akatuacha na sauti tu ya mama aimbaye mlangoni, nasi tukijua, kabla ya binti aliyemo ndani kujua, kwamba mama huyo hajarudi kutoka sokoni. Ustadi wote wa kazi hii umo katika muda ule mfupi, msikilizaji anapojua jambo ambalo mhusika hajalijua, wala hana njia ya kumwonya.

Grace Ogot aliujua ustadi huo barabara. Wala si ajabu, maana alikuwa muuguzi na mkunga kwa kazi, mtu aliyezoea kusikia wanawake wakisema usiku wasiyoyasema mchana. Katika hadithi yake ya mvua, iliyomo ndani ya Land Without Thunder, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1968, ukame umeikaba nchi, na mtemi Labong'o amekwisha ambiwa kwamba sharti bintiye Oganda atolewe kwa dubwana la ziwani. Jamaa wajifungia ndani kunong'ona, na Oganda, aliye nje, moyo wamdunda kwa furaha, akidhani wanamjadili mchumba wake. Mwandishi hasemi neno. Aziacha arusi na kafara zivae nguo moja, na msomaji wa kike aliyewahi kukaa nje ya mlango huku baba na ami zake wakipanga mahari yake hana haja ya kufafanuliwa. Kisha, binti akiwa njiani kwenda ziwani, mtoto mdogo amkabidhi hereni, amfikishie dada yake aliyekufa juma lililopita akaisahau. Sijasoma kitu kidogo kitishacho kuliko hereni ile: kwa mtoto yule Oganda amekwisha kuwa maiti, na amwagiza kwa upole, kama amwagizavyo mtu aendaye mjini. Mwishowe kijana Osinda amwokoa, dubwana halikupata kitu, na mvua yanyesha vivyo hivyo.

Rebeka Njau, katika Ripples in the Pool ya mwaka 1975, ni mkali zaidi. Selina wake, muuguzi aliyeolewa akapelekwa kijijini karibu na kidimbwi kitakatifu, ananong'onwa na watu hata akili yake inavunjika, naye mwenyewe anaua. Njau hamtakasi, nami namheshimu kwa hilo. Maana ni rahisi kumtetea mwanamke asiye na hatia, na ni vigumu kumwandika aliyetenda uovu kwa namna itakayomlazimisha msomaji kuuliza alitendwa nini kwanza.

Swali hilo ndilo mzizi wa hadithi za laana. Kwa Wabukusu mtoto hurithi jina la marehemu wa ukoo, na mtoto asiyenyamaza huitiwa majina ya wafu, moja baada ya jingine, hata atulie lilipo lake. Ni desturi ya mapenzi, wala siikebehi. Lakini ikiwa Nanjala wa leo amepewa jina la Nanjala aliyepigwa akafa na jambo likafunikwa, je, ni jina tu alilorithi? Mwandishi hodari huingilia hapo. Laana huipa sura ya dhulma iliyofichwa na kizazi kimoja ikadaiwa kwa kingine.

Na asiseme mtu kwamba hizi ni ndoto. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, ikatazayo hata kumshutumu mtu kuwa mchawi isipokuwa mbele ya wakuu wa serikali. Ilhali mwaka 2008 huko Kisii watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto kwa shutuma hiyo. Usukumani, nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa kuwapikia watoto na wajukuu. Sheria haikuwafaa, na mahubiri, kwa niyaonavyo, hayakuwafaa zaidi. Hadithi yaweza kumketisha msomaji ndani ya nyumba ile, upande wa kikongwe, akisikia nyayo zikija.

Huku kwetu kazi bado ni tele. Yapo mapango ya Elgon, walimoishi watu na ng'ombe wao, na Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi. Ila ningekuwa na binti mwenye kalamu ningemsihi asianzie pangoni. Aanze na mjane wa hapa Saboti aitwaye mchawi mwaka ule ule shamba la marehemu linapogawanywa. Tena aandike kwa Kiswahili, wapate kumsoma majirani wa mjane huyo. Wala asitafute zimwi, maana shemeji zake na hati ya shamba vitatosha.