Rugaruga Hana Jina

Vijana wenzangu wa kalamu, tumwache kidogo Mirambo apumzike. Kila anayetaka kuandika riwaya ya kihistoria huku kwetu Tabora huanza naye na kuishia naye. Mtemi anapanda, mtemi anashinda, mtemi anafariki Desemba 1884, hadithi kwisha. Mie nauliza: waliompigania ni akina nani?

Tuchukue vita vilivyotangulia, vya Unyanyembe. Alipofariki Mtemi Fundikira, Mnywa Sere alirithi kiti. Akagombana na wafanyabiashara Waarabu juu ya ushuru, nao wakamsimika Mkasiwa, mtu wa ukoo uleule. Tangu 1860 hadi 1865, Mnywa Sere alipokamatwa na kukatwa kichwa, watu wa nyumba moja walichinjana. Njia ya misafara iliyopita Tura, Rubuga na Kigwa, upande huu wetu wa Igalula, ikawa uwanja wa vita.

Sasa fungua vitabu. Speke alikutana na Mnywa Sere njiani mwaka 1861. Anamsifu kwa uzuri wa sura, anatupa malalamiko yake yote. Na wale wenye bunduki waliofuatana naye? Kama 30. Basi. Stanley alipojiunga na Waarabu dhidi ya Mirambo mwaka 1871, aliandika orodha ya jeshi: jina la bwana, kisha idadi ya watumwa wake. Hata Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili safi, anazikumbuka frasila za pembe kuliko sura za askari.

Inasimuliwa kwamba Nyungu ya Mawe, naye wa ukoo wa Unyanyembe, aliwaita rugaruga wake magogo. Akitaka wengine waende mbele, aliamuru magogo yaongezwe motoni. Vitabu vyetu navyo vinawafanya hivyohivyo: kuni za kumwangazia mtemi.

Miaka ileile Wamarekani nao walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Luis F. Emilio, aliyekuwa kapteni katika kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi wa miguu, alitoa historia ya kikosi hicho mwaka 1891. Toleo la 1894 lina orodha ya askari, jina kwa jina. Mjukuu anaweza kumtafuta babu yake humo.

Kuna atakayesema sisi hatukuwa na maandishi. Jamani! Tabora ya siku zile ilikuwa na watu wa kalamu, na madeni yaliandikwa. Karatasi ilikuwepo. Aliyekosa thamani ya kuandikwa ni rugaruga.

Hapo ndipo riwaya inapopata kazi. Mwanahistoria hawezi kubuni jina, sisi tunaweza. Lakini tusimpake sukari. Rugaruga wengi walikuwa mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara. Na haohao walichoma vijiji na kuteka watoto wa wenzao. Mtu aliyetekwa leo na kesho akateka mwenzake, huyo ana hadithi nzito kuliko sifa zote za mtemi.

Kwa hiyo, mwenye mswada wa Mirambo sandukuni autoe. Sura ya kwanza ampe kijana mmoja wa rugaruga: ampe jina, mama na njaa. Mtemi tutamwona kwa macho ya huyo kijana.